Kibao Kimegeuka

Mume wangu alipopanda cheo kuwa Kapteni, dada yangu alinipigia simu kunipa pole. Jirani yake ana kijana mwanajeshi wa nchi kavu, juzi tu alikuwa anacheza mpira barabarani, naye ni kapteni. Kwa hiyo dada alidhani mzee wangu amevuruga kazini akashushwa mpaka akalingana na mtoto yule. Ilibidi nimweleze kwamba kapteni wa wanamaji ni mtu mzito, kwamba juu yake wamebaki wa kuhesabu kwa vidole, na kwamba kama pole anazo nyingi ampelekee kijana wa jirani. Alikubali shingo upande. Aliamini siku ya sherehe, alipoona watu wazima wenye mvi wakimpigia shemeji yake saluti.

Mimi vyeo navijua kwa vidole vyangu. Ni fundi cherehani, na mistari yote iliyowahi kukaa kwenye mikono ya makoti ya mume wangu nimeishona mwenyewe, kwa sindano ya mkono, kwenye meza ya sebuleni karibu na dirisha. Duka la sare lina mafundi wake, siwasemi vibaya, ila wanashona kama watu wanaokimbizwa. Katika jeshi letu la wanamaji mistari ni ya dhahabu, na daktari huwekewa kitambaa chekundu kati ya mstari na mstari, ili baharia aliyeumia ajue wa kumkimbilia. Wekundu ule unatakiwa uonekane sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ukipinda kidogo tu, koti zima linaonekana limelewa.

Alianza akiwa luteni, daktari wa meli, kijana mwembamba aliyetapishwa na bahari kuliko wagonjwa wake. Chumba chake cha matibabu kilikuwa kabati tu lenye kitanda. Humo aling'oa meno, akashona vichwa vilivyogonga milango ya chuma, na safari moja alimpasua mpishi kidole tumbo juu ya meza ya kulia chakula, kwa sababu kabatini hawakuenea watu wawili na taa. Baadaye wakampeleka kusomea upasuaji, wakampa mstari mwingine na wodi katika hospitali ya jeshi pale bandarini, kisha idara nzima ya upasuaji, kisha hospitali yenyewe. Alipokuwa Kapteni wakampa ofisi makao makuu, yenye zulia na katibu muhtasi. Ndivyo daktari anavyopanda kwenye jeshi la maji: kila mstari niliouongeza ulimsogeza mbali na maji, na mbali na wagonjwa vilevile. Meli zake zikawa picha za ukutani. Alichokataa kuachia ni Alhamisi. Siku hiyo alirudi hospitalini, akavaa nguo za kijani, akapasua watu mpaka jioni, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Mabaharia humwita Geuza, na wakidhani hajui wanajidanganya. Jina lilitokana na macho. Baharia asiyeona vizuri haruhusiwi kupanda meli, na asiyepanda meli hupangiwa ghala la mabuti, kwa hiyo wenye macho mabovu walikuwa wakikariri kibao cha herufi wakiwa bado kwenye foleni. Aliyetoka alimnong'oneza anayeingia, na foleni nzima ilikuwa inavuma kama darasa la kwanza. Mzee wangu, wakati huo bado kijana, aligundua mchezo siku baharia mmoja alipousoma mstari wa mwisho kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Akamwendea seremala, akatengenezewa kibao chenye herufi mbele na nyuma, tofauti kabisa. Mtu akianza kutiririka bila hata kukunja uso, yeye alimwambia msaidizi wake neno moja tu: geuza. Wengi waliikosa meli kwa neno hilo, na wengi pia walipata miwani wakairudia meli, ila binadamu tunavyojua kukumbuka, walikumbuka lile la kwanza.

Mbinu hiyo aliwafundisha madaktari vijana wote waliopita mikononi mwake. Mmoja wao ni binti ambaye sasa ana cheo cha Kamanda na ndiye mkuu wa idara ya macho. Mzee humwita mwanangu. Kwangu haingii kama mgeni. Hufungua sufuria kwanza ndipo anasalimia.

Ukafika mwaka wa Daktari Mkuu wa wanamaji kustaafu, na jina la mume wangu likapelekwa la kwanza. Kiti hicho kina cheo cha Komodoro. Amekitamani tangu akiwa luteni wa kutapika, na hajawahi kujifanya hakitaki. Alikuwa na sababu yake: alitaka kila meli kubwa iwe na chumba cha upasuaji cha kweli, na mkubwa wa meza ndiye pekee anayeweza kupiga meza mpaka chumba kikajengwa. Kilichobaki ni kupimwa afya. Akifaulu, anaapishwa. Akishindwa, jina linalofuata linachukuliwa, na yeye kwa umri wake anaagwa kwa keki na saa ya ukutani.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu, na ulianzia kwenye koti. Asubuhi moja nilikuwa nimelitundika koti lake la sherehe kwenye kiango cha nguo pale koridoni, na kofia juu yake. Mzee akatoka chumbani, akasimama wima, akaliambia, "Habari za asubuhi, afande." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema alikuwa anatania, kisha akaenda kumimina chai, na nusu ya chai ikamwagikia kwenye sahani.

Baada ya hapo nikaanza kuchunguza. Taa za magari alisema zimezungukwa na pete. Gazeti alilishika, akaligeuza kurasa, lakini habari aliniuliza mimi. Na Alhamisi alianza kurudi mchana, bila mluzi, akisema kuna mikutano. Hapo ndipo moyo wangu ulipolia paa. Nilielewa kwamba kisu amekiweka chini mwenyewe, kimyakimya, asije akamuumiza mtu. Nilimheshimu sana kwa hilo, na nilitamani kumrushia kijiko kwa yaliyobaki. Mtu ameona kwamba haoni, amewalinda wagonjwa wake wote, halafu anamdanganya mke wake kwamba ni mikutano.

Kisha nikasikia bafuni. Maji yanamwagika, na sauti yake ndani ya maji inasema: "H. N, V. K, U, D." Kesho yake tena, na keshokutwa, mbele na nyuma ya kibao, mpaka mstari wa mwisho wenye herufi ndogo kuliko sisimizi. Kibao cha zamani alikuwa amekileta nyumbani eti kumbukumbu, akakitundika nyuma ya mlango wa bafu. Geuza mwenyewe alikuwa anakariri. Kwa jinsi alivyorudia, hata mimi nilizishika herufi zote. Nilikuwa nakata vitambaa huku nikiziimba bila kujijua.

Ningemuuliza, lakini namjua. Angesema anatania. Kwa hiyo nikampigia Kamanda simu. Kwanza nilimpata muuza nyama, maana simu za siku hizi zinaandika namba kama chawa, lakini mara ya pili nikampata mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, baba yako anaimba bafuni. Akauliza anaimba nini. Nikamsomea. Akaniambia, "Mama, niachie."

Siku ya kupimwa mzee alitoka nyumbani amenyooka, kiatu kinang'aa, na mimi nikakaa kwenye cherehani nisiweze kushona hata pindo. Nilijua nimefanya nini. Kama angepoteza kile kiti kwa mdomo wangu, tungekula meza moja mpaka mwisho wa maisha na kile kiti kimekaa katikati yetu. Hilo ndilo lililonitetemesha, si hasira zake; hasira zake ninazijua, zinapoa na chai.

Alirudi mapema. Hakukaa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza nani amemwambia Kamanda. Nikasema ni mimi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya maabara, na ndipo akanisimulia yote, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

Alipoingia chumba cha macho alikuta kibao kimetundikwa. Herufi ya juu ile kubwa aliiona: H. Kumbe ni upande wa mbele, akajisemea, na roho ikatulia. Akakaa, akafunika jicho moja, akaanza kusoma. Alishuka mstari kwa mstari. Ili asionekane anatiririka, hata alikunja uso kidogo katikati na kujifanya anasita, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuwashuku wasiokunja uso. Akamaliza mpaka chini. Kamanda hakusema geuza. Alimwacha amalize na jicho la pili, akamshukuru, kisha akamwomba asogee karibu asome tena akiwa amesimama.

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. H ilikuwa ni H. Mengine yote yalikuwa mageni. Yule binti alikuwa amechonga kibao cha tatu, chenye H ileile juu ili mzee aingie miguu yote miwili. Na mstari wa mwisho kabisa, ule wa herufi ndogo, ulikuwa umeandikwa: POLE AFANDE.

"Ameniwekea pole kwenye mstari wa mwisho," mzee aliniambia. "Mimi naye namsomea herufi za bafuni."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikamvutia kiti. Akaketi hatimaye. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba amejua siku nyingi. Kamanda hakuandika kwamba hafai. Aliandika kwamba hafai kwa sasa, arudi baada ya matibabu. Makao makuu watangoja mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Jicho moja likitengenezwa na kuona vizuri linatosha kumpitisha, na la pili litafuata. Upasuaji wenyewe, kwa mtu aliyepasua watu maisha yake yote, ni kitu kidogo cha kumaliza kabla chai haijapoa.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza.

Akatazama zulia. Akasema, "Naogopa."

Katika ndoa yetu yote sijawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Huyu ni mtu aliyemfungua mpishi tumbo meli ikiyumba. Nikamuuliza anaogopa nini, kwani madaktari wa macho wa jeshi si wazuri. Akanijibu kwamba ubora wao anaujua na ubovu wao anaujua pia, maana amewafundisha yeye mwenyewe, na kwamba mgonjwa wa kawaida ana bahati ya kutojua ni mahali gani mkono unaweza kuteleza. Halafu akasema jambo lililonichoma. Akasema akikosea Kamanda, yeye atapoteza jicho, lakini binti yule atapoteza mkono, hatashika kisu tena kwa amani. Na kama ni hivyo afadhali apewe keki na saa yake ya ukutani.

Hapo nikachemka. Nikamwambia nimemshonea mistari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kumsikia akimwambia mgonjwa abaki na uvimbe wake ili daktari asije akahuzunika. Nikamwambia kama kazi yake yote ilikuwa kufundisha mikono, basi mkono wa kuuamini ni huo, vinginevyo alikuwa anafundisha nini? Na nikamwambia la mwisho kwa sauti ya chini, kwa sababu lilikuwa la kweli kuliko yote: kwamba mimi nimechoka kutazamwa na mtu asiyeniona. Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa na simu sikioni, anasema, "Mwanangu, lini una nafasi?"

Alipasuliwa Alhamisi. Mimi niliketi kwenye benchi la koridoni, nimeshika saa yake na pete yake kwenye kitambaa. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, nikasikia sauti ya Kamanda ikimwambia, "Afande, usizungumze." Kidogo tena: "Afande, hapa mimi ndiye mkubwa." Baada ya hapo sikusikia kitu, na nadhani ndiyo mara pekee Geuza amepokea amri kutoka kwa mtu mwenye cheo cha chini yake na kuitekeleza papo hapo.

Kesho yake walimtoa bandeji nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda. Alipepesa, akatazama ukuta, akatazama shuka, akatazama koti lake lililotundikwa mlangoni. "Kumbe ni la buluu," akasema. Alikuwa ameamini miaka yote ya karibuni kwamba tumebadilishiwa kitambaa, kwamba wanamaji sasa wanavaa nyeusi. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaanza kutengeneza kitambaa cha kichwa. Nilijiandaa kwa utani kuhusu mvi. Akasema tu, "Haya, nimefika nyumbani," na Kamanda akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alipopimwa tena alikisoma kibao cha tatu akiwa ameketi kwenye kiti, mpaka chini, na mstari wa mwisho aliusoma kwa sauti ambayo foleni yote ya nje iliisikia. Barua ya uteuzi ikaja. Mimi nikaenda kununua mstari mpana, maana Komodoro anavuliwa ile myembamba yote na kupewa mmoja, mpana, wenye wekundu wake kandokando. Niliushona kwa siku kadhaa, na niseme ukweli, kazi haikuwa rahisi, kwa sababu viwanda siku hizi vimebania hata tundu la sindano, na nyuzi zinachanua vichwa kabla hazijaingia, na ile balbu ya sebuleni waliyotuuzia ina ukungu ndani. Lakini nilimaliza. Nikalipiga koti pasi, nikalitundika, nikasimama mbali kulitazama. Lilipendeza.

Siku moja kabla ya kuapishwa, mchana, mzee alilijaribu. Alijitazama kwenye kioo, akainua mkono wa kulia, akauinua wa kushoto. Akaniuliza kwa upole kama mstari huu nimeushona mimi. Nikamuuliza alidhani ni nani mwingine. Akasema sawa. Akalivua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akatoka kwenda kwenye gari. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa gazetini, na akanipa mgongo akikitundika ukutani, pale ilipokuwa kalenda.

Kilikuwa kibao cha macho. Akaniambia nikae kwenye kochi, mwisho wa chumba.

"Mimi? Mimi macho yangu mazima," nikasema.

"Ndiyo. Nisomee tu, nifurahi."

Nikakaa. Nikaona ile H kubwa, na nikamsomea: N, V, K, U, D, nikashuka bila kukwama, kwa mbwembwe kidogo, mpaka mstari wa mwisho. Nilimaliza nikiwa nimeweka mkono kiunoni.  Mzee alikitoa kibao msumarini, akaja akaketi karibu yangu, akaniwekea mapajani, akaninyanyulia mpaka puani.

H ilikuwa ni H. Mengine yote yalikuwa mageni.

"Umesoma vizuri sana," akaniambia. "Pole, afande."

Nilianza kumweleza habari za balbu. Akaniacha nimalize, kisha akachukua koti, akanipitisha kidole juu ya mstari mpana, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole changu kikajua kile jicho lilichonificha: mstari ulikuwa umepinda, unapanda kilima na kushuka. Uso ukanichoma. Nikamwambia alete mkasi niufumue, au alipeleke dukani kwa wale wanaokimbizwa, wataumaliza kabla ya giza. Akakataa kata kata. Akasema ataapa nalo hivyohivyo, na atakayemuuliza atamjibu kwamba fundi wake yuko kwenye foleni ya Kamanda, Alhamisi ijayo, amekwisha kumwekea nafasi.

Akacheka. Kibao kilikuwa kimegeuka, na yeye alifurahi nacho kama luteni aliyeshuka melini. Nikachukua mto wa kochi nikamrushia kwa nguvu zangu zote, na nikamkosa.